Kofia Mkononi

Fundi alikuwa ameinamia cherehani yake, akipunguza kiuno cha suruali ya kaka yake, alipoona kiatu cheusi kinachong'aa kimesimama kwenye kizingiti. Viatu vya namna hiyo alivijua. Aliinua macho polepole, kutoka kiatu mpaka goti, kutoka goti mpaka mkanda, na hapo kwenye mkanda macho yakakwama. Naibu wa kaka yake huko polisi alikuwa kichwa wazi. Kofia alikuwa ameishika mkononi, ameibana tumboni kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji na anaogopa kumwaga.

"Hodi, Dada Fundi."

Fundi hakusema karibu. Alisema, "Vaa kofia yako."

"Dada..."

"Vaa kofia, baba. Ukishavaa ndipo uniambie kilichokuleta."

Naibu hakuvaa. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya kuamrisha watu uwanjani, lakini siku hiyo sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba asiyoijua.

"Naomba tukae," alisema.

Hapo Fundi akajua yote. Yaliyobaki kuambiwa ni masikio tu.

Naibu aliketi kwenye kiti cha wateja, magoti pamoja. "Kaka yako amefariki. Leo asubuhi, kwenye gwaride. Alikuwa anakagua mstari wa nyuma, akashika kifua, akaenda chini. Tulimwahisha hospitali, madaktari wakahangaika naye, ikashindikana. Amefariki, Dada Fundi."

Alilitaja neno mara mbili, la pili taratibu zaidi, kama alivyofundishwa.

Mguu wa Fundi ulikuwa bado juu ya pedali. Ukakanyaga. Sindano ikaendelea na safari yake mpaka mshono ukafika mwisho wa kiuno, naye akainama akakata uzi kwa meno. Ndipo alipogundua alichofanya. Akautazama mshono. Ulikuwa umenyooka. Alisubiri machozi, hayakuja. Alisubiri walau moyo uende mbio, nao ukabaki umetulia tuli, kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi: unajua ni wako, lakini ukiugusa hauitiki.

"Wifi yangu je?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Dada zake wako naye. Yeye ndiye aliyenihimiza nije upesi, kabla watu hawajaanza kupigiana simu. Neno alilosema ni moja tu: Mama."

Fundi na kaka yake walikuwa watoto pekee wa mama yao. Mama aliishi na Fundi, kwenye chumba cha nyuma ya duka hilo la ushonaji. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na moyo wake ulikuwa unalelewa kwa vidonge, asubuhi na jioni. Daktari alikuwa amewaonya watoto wake waziwazi kwamba moyo ule hautaki kushtuliwa. Saa hiyo Mama alikuwa kanisani, ng'ambo ya barabara, kwenye maombi ya akina mama. Jirani angemrudisha muda si mrefu.

"Nani atamwambia?" Fundi aliuliza.

"Mimi niko tayari. Ila kaka yako, Mkuu wetu, alikuwa akisema kama ndani ya nyumba yupo anayeweza, aachiwe yeye. Sisi tunasimama karibu."

"Najua alivyokuwa akisema," Fundi alijibu.

Alijua kuliko mtu yeyote. Kazi yote ya kaka yake ilikuwa imepita juu ya meza ile ya kushonea. Alipoingia polisi, konstebo mpya asiye na mbele wala nyuma, bohari ilimpa shati lililokatwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, mabega yakimfika karibu na viwiko. Fundi ndiyo kwanza alikuwa anajifunza ushonaji. Alilifumua lote akalishona upya.

"Punguza, lakini usinibane," kaka alimwambia. "Naambiwa huko polisi watu wananenepa kwa rushwa."

Hakuja kunenepa. Tepe za koplo zikaja, Fundi akazishona. Zikaja za sajenti, akafumua za mwanzo akashona hizo. Zikaja nyota za mabegani. Kila mara kaka alikaa pale pale, kwenye kiti cha wateja, amebaki na fulana, kikombe cha chai mkononi, akipiga soga mpaka shati liishe. Na katika soga hizo, siku moja aliposhonewa tepe za koplo, alimwambia dada yake jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Alipokuwa bado mgeni kazini, alisema, alitumwa kwenye nyumba moja kupeleka habari. Mwenye nyumba, fundi wa umeme, alikuwa ameanguka kutoka juu ya nguzo akafa papo hapo. Konstebo akabisha hodi, mke wa marehemu akafungua, na ulimi wa konstebo ukaingia mitini. Akajikuta anasema, "Mumeo anaumwa kidogo. Amelazwa."

"Basi yule mama," kaka alisimulia, "akaniambia, kaa hapo, afande, nimtengenezee supu. Mimi nikakaa. Akawa anakoroga huku ananieleza kwamba mumewe hapendi vitunguu, anavitoa kimoja kimoja na kuvipanga pembeni ya sahani kama mtoto. Akajaza chupa. Tukaongozana. Njia nzima ananiuliza kama ameumia mguu au mkono, na mimi najibu, nadhani mguu. Tulipofika hospitali, mhudumu akatupitisha wodi zote, moja baada ya nyingine, hatusimami. Yule mama akaanza kwenda polepole. Mlangoni pa chumba cha maiti akageuka, chupa ameikumbatia, akaniuliza: afande, nilipokuwa nakoroga, wewe ulikuwa unanitazama tu?"

Fundi alikumbuka kwamba aliacha kushona. Alikumbuka pia kwamba kaka yake alikunywa chai yote kabla ya kusema neno jingine.

Alipokuja kuwa mkuu wa kituo, jambo la kwanza alilofundisha asubuhi kwenye gwaride halikuwa bunduki wala pingu. Lilikuwa namna ya kubisha hodi. Habari ya kifo haipigwi simu, aliwaambia. Anakwenda mkubwa aliyepo zamu, hatumwi mdogo. Kofia inavuliwa kabla ya mlango, siyo ndani, ili mwenye nyumba akikuona tu moyo wake uanze kujiandaa. Omba kukaa. Tumia neno lenyewe. Usiseme hali si nzuri, usiseme tumwombee, kwa sababu ukisema anaumwa, mtu ataanza kupika. Na ukishasema, usiondoke mpaka habari ifike kwa kila anayestahili na awepo wa kumshika.

Wenzake walimcheka. Walimpachika jina la Mchungaji. "Mchungaji, leo unahubiri mtaa gani?" mmoja alimtania.

"Mtaa wenu," alijibu, "ukichelewa tena zamu."

Vijana waliona ni mzaha mpaka walipoona anawafanyisha mazoezi. Aliwapanga nje ya stoo tupu, mmoja mmoja anabisha, yeye yuko ndani anaigiza mjane, baba, bibi asiyesikia vizuri. Naibu, wakati huo mkaguzi aliyetoka chuoni juzijuzi, alirudishwa mlangoni pale mpaka jasho likamtoka. "Umesema ametutoka," sauti ya Mkuu ilitoka ndani ya stoo. "Ametutoka kwenda wapi? Sokoni? Rudia."

Kisha ikaja siku iliyomgharimu. Kijana mmoja alikutwa amekufa mahabusu, kwenye kituo kilichokuwa chini yake. Askari wawili walikuwa wamempiga. Kabla ya adhuhuri mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuwa ameshapiga simu: semeni alizidiwa akiwa ndani, alipelekwa hospitali, amefia huko. Kaka yake Fundi alisema, "Nimekusikia, afande," akaweka simu chini, akavua kofia, akaenda mwenyewe nyumbani kwa mama wa yule kijana. Akaomba kukaa. Akamwambia: mwanao amefariki, amefia mikononi mwetu, wameshakamatwa waliompiga. Yule mama alimtemea mate. Hakufuta mpaka alipotoka nje.

Baada ya hapo alihamishiwa bohari ya sare, kuhesabu mashati na mabuti. Alikaa huko miaka. Waliomwita Mchungaji sasa walimwita Kamanda wa Soksi. Wifi yake Fundi ndiye aliyelia, yeye hakulia. Alikuja dukani kwa Fundi kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake, ila hakuwa na nyota mpya ya kushonewa.

"Unajutia?" Fundi alimuuliza siku moja.

"Soksi zina nidhamu kuliko binadamu," alisema. "Zinakwenda mbilimbili na hazipigi simu." Akacheka peke yake. Halafu akasema, "Sijutii. Usiku nalala."

Uongozi ulibadilika, wakamkumbuka, wakamtoa bohari. Hakurudi na kinyongo. Alipanda taratibu mpaka akawa kamanda wa mkoa mzima, na kila kituo alichofika, mkuu wa kituo alijua ataulizwa kwanza: nani amepeleka habari ya ajali ile, na alikwenda na cheo gani? Ile sare ya sherehe iliyokuwa mezani kwa Fundi siku hiyo ilikuwa kwa ajili ya kuagwa kwake. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Aliileta mwenyewe wiki hiyo hiyo. "Punguza kiuno, Fundi," alisema. "Zile rushwa sijaziona mpaka leo."

Fundi aliikunja suruali akaiweka juu ya koti. Naibu alikuwa bado amekaa, kofia gotini. Nje gari lilifunga breki, na Baba Mdogo akaingia analia kwa sauti. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yao, mstaafu wa posta, mtu wa maneno mengi na moyo laini. Ndugu wa wifi walikuwa wameshampigia.

"Mwanangu, mwanangu," alimkumbatia Fundi, kisha akatazama huku na huku. "Shemeji yuko wapi? Amejua?"

"Yuko kanisani. Bado."

Baba Mdogo alifuta uso kwa kiganja. Kilio kilikatika kama bomba lililofungwa. "Asiambiwe."

"Baba Mdogo..."

"Nisikilize. Unataka tuzike wawili? Moyo wa Shemeji unaujua wewe kuliko mimi. Leo tutasema anaumwa. Kesho tutasema amezidiwa. Tukishamaliza kuzika, tunamwita mchungaji, anamwingia polepole kwa maombi."

Naibu alijikohoza. "Samahani, Mzee. Mama hatamuaga mwanawe?"

"Kijana, habari umefikisha, Mungu akubariki. Sasa nenda, kazi zinakusubiri."

"Bado haijafika, Mzee."

"Haijafika vipi, na mimi nalia hapa?"

"Haijafika kwa Mama. Siruhusiwi kuondoka."

"Kwa agizo la nani?"

"La Mkuu."

"Mkuu amekufa!" Baba Mdogo alipiga kelele, na neno lilipotoka likamrudia yeye mwenyewe. Alishika ukingo wa meza. Alikaa juu ya robota la vitambaa, akaanza kulia upya, safari hii bila sauti.

Fundi alisimama katikati yao. Alijua kaka yake angesema nini. Lakini alijua pia sauti ya Mama akipanda ngazi mbili za mlangoni, namna anavyotua katikati kutafuta pumzi. Akimwambia na moyo ule ukasimama, atakuwa amemuua kwa mdomo wake. Asipomwambia, mwanawe atafukiwa yeye akiwa kitandani anamwombea apone. Alitafuta ndani yake lipi linamuuma zaidi, asipate linalomuuma hata moja. Akabaki anazungusha ncha ya futi yake ya kupimia, ambayo humning'inia shingoni tangu anapoamka mpaka anapolala.

Jirani alimfikisha Mama mlangoni, akaenda zake. Mama alisimama, akavuta pumzi kwa pua, uso ukamchanua.

"Nasikia rangi ya viatu," alisema. "Mwanangu amekuja?"

Naibu alisimama wima.

"Ni Naibu wake, Mama," Fundi alisema.

"Karibu, baba. Na mwenyewe yuko wapi?"

"Shemeji, keti kwanza," Baba Mdogo alisema, sauti yake laini kupita kiasi. "Anaumwa kidogo. Kifua. Amelazwa, wanamwangalia."

Mama hakuketi. Aligeuza macho yake ya ukungu upande aliosikia sauti ya binti yake. "Ni kweli, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama," Fundi alisema. "Amelazwa."

Naibu aliinamisha kichwa.

"Nilimwambia ale apumzike," Mama alisema. "Haya, nibandikieni sufuria. Chakula cha hospitali hakimpandi huyo, nikimwacha atakaa na njaa na kujifanya ameshiba. Kuku wa jana yupo?"

"Yupo."

"Basi lete na karoti."

Jikoni Mama hakuhitaji macho. Alikijua kila kitu kwa mkono, kisu mahali pake, chumvi mahali pake. Alikata karoti akazisukuma kwenye sufuria kwa ubapa wa kisu, akafunika, akafunua, akakoroga. Fundi alisimama mlangoni.

"Alipokuwa mdogo akiugua," Mama alisema, "hakulia. Alikuwa anakuja kusimama tu karibu yangu, kimya, mpaka nimguse paji la uso. Hata sasa hasemi. Amekonda, umeona? Nilimshika mkono Jumapili nikahisi mfupa. Nikasema, Bwana, wewe unajua." Alikoroga. "Tutakwenda wote au yule kijana atatupelekea?"

"Sijui, Mama."

"Tutakwenda wote. Nitakaa pembeni, sitawasumbua madaktari." Alichota kijiko, akakipuliza, akakinyoosha hewani. "Onja chumvi. Ulimi wangu siku hizi unanidanganya. Hapendi ikizidi."

Fundi alisogea akaonja. Ilikuwa ya moto, hilo alilijua kwa sababu midomo ilijikunja. Ladha hakuipata. Alimeza kama anameza maji.

"Je?"

Fundi alikitazama kile kijiko, na mkono wa Mama ulioshika kijiko, wenye mishipa iliyosimama, ukimngoja. Akaona amesimama wapi. Amesimama pale pale aliposimama yule konstebo, karibu na sufuria, anatazama.

Alizima jiko.

"Imeiva?" Mama alishangaa. "Mbona mapema?"

Fundi alichukua kijiko mkononi mwa Mama, akakiweka. Alivua futi shingoni, akaizungusha mkononi, akaishika. Akavuta kigoda. "Naomba tukae, Mama."

Mama alitulia. Mikono yake ilibaki hewani kidogo, kisha akaifuta kwenye gauni na kukaa. Fundi alichuchumaa mbele yake. Baba Mdogo alikuwa ameshafika mlangoni, kikopo cha vidonge mkono huu, bilauri ya maji mkono ule, anatikisa kichwa: usiseme, usiseme.

"Mama, kaka amefariki. Leo asubuhi, kwenye gwaride, moyo wake ulisimama. Nilikuambia amelazwa. Nilikudanganya. Amefariki, Mama."

Jikoni palikuwa na sauti ya sufuria ikipoa. Mama alipeleka mkono mbele, akaukuta uso wa Fundi, akaupapasa kuanzia paji mpaka kidevu, kana kwamba anahakikisha ni nani aliyesema. Pumzi zake zilikwenda juu, zikakaa huko, na Fundi akazifuata kwa masikio, moja, nyingine, nyingine. Zikashuka.

"Asubuhi saa ngapi?"

"Ulipokuwa unaingia kanisani."

"Nilikuwa namwombea."

"Najua, Mama."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Askari wake wote walikuwepo."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Alikaa. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika, yakashuka yakaingia kwenye pembe za mdomo. Baba Mdogo alisogea upesi, akamwekea bilauri usoni.

"Shemeji, toa vitu hivyo puani kwangu," Mama alisema. "Vya asubuhi nimeshameza. Nilijua kuna jambo. Tangu niolewe kwenu hujawahi kusema nami kwa upole namna ile."

Baba Mdogo alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya shemeji yake, na ikawa Mama ndiye anayembembeleza.

Baadaye aliuliza, "Wewe umelia?"

"Bado," Fundi alisema. "Hayaji."

"Yaache. Yatakuja." Kisha akasema, "Yule kijana bado yupo?"

"Yupo. Amekataa kuondoka."

"Ana njaa huyo. Mpe supu."

Fundi alijaza bakuli akampelekea. Naibu alikula palepale kwenye kiti cha wateja, kofia gotini, machozi yakidondokea ndani ya bakuli. Alikula yote. Mama aliletwa akakaa upande wa pili wa cherehani.

"Chumvi je?" aliuliza.

"Kidogo tu, Mama. Imekaa vizuri."

"Ndivyo anavyopenda."

Naibu alirudisha bakuli kwa mikono miwili. Alisimama, akavaa kofia, akampigia saluti mwanamke yule asiyeona, kisha akamwambia, "Mama, nimekupigia saluti." Ndipo alipotoka.

Wifi aliagiza kwamba marehemu azikwe na sare ya sherehe. Fundi aliketi tena kwenye cherehani. Alifumua ule mshono wa kiuno alioushona habari ikiingia, si kwa sababu ulikuwa mbaya, akaushona upya. Alipiga pasi mikunjo ya suruali. Alikagua vifungo vya koti kimoja kimoja, akakaza kimoja kilicholegea. Mama alikaa karibu naye, anasikiliza sindano. Watu waliingia wakatoka, waliimba, waliomba. Fundi aliwakaribisha, akawapa viti, akawaambia asante. Aliwasikia kama watu wanaozungumza ng'ambo ya ukuta.

Walimuaga kwenye uwanja wa gwaride, pale pale alipoangukia. Jeneza liliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, limefunikwa bendera hadi magotini, kifuniko kimefunguliwa. Askari walipangwa kwa mistari. Naibu alitoa amri moja, na wote wakavua kofia wakazishika mkononi. Haikuwa katika utaratibu wa jeshi la polisi. Mkubwa aliyetoka makao makuu alitazama kushoto na kulia, kisha naye akavua yake.

Wifi alitangulia na dada zake. Kisha Fundi akamshika Mama mkono, wakaenda. Mama aliinama juu ya jeneza. Aligusa paji la uso la mwanawe, akauacha mkono hapo. Halafu alishuka nao kwenye kola, kwenye vifungo, mpaka ukingo wa koti, akaupapasa mshono kwa kidole gumba.

"Umekaza vizuri," alimwambia Fundi.

"Ndiyo, Mama."

Mama aliomba kwa sauti ya chini, maneno machache ya kumkabidhi kwa Mungu, akasema amina. Fundi alimtazama kaka yake. Kiuno kilikuwa kimekaa sawa. Akasema amina naye.

Makaburini mchungaji alihubiri kwa kifupi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na wazee walikuwa wengi. Jeneza liliposhushwa, Naibu alikuja akainama karibu na Mama. "Mama, sasa zitapigwa bunduki hewani. Ni za heshima. Zitakuwa na kishindo."

"Asante kwa kuniambia, baba," Mama alisema, akamshika Fundi mkono kwa nguvu.

Zikapigwa. Ndege waliruka kutoka kwenye ukuta. Mama alishtuka kwa kila mlio, lakini alibaki amesimama. Alipewa udongo mkononi, akauachia. Fundi aliachia wake. Baba Mdogo akafuata, na wengine nyuma yake. Makoleo yakafanya kazi mpaka kaburi likajaa, mashada yakawekwa, mchungaji akafunga kwa sala. Askari walivaa kofia zao wakapanda magari. Naibu alisimama kando ya njia mpaka Mama na Fundi walipoingia garini, akafunga mlango, gari likaondoka.